Andiko la Kuhitimu na Msomaji Asiyekuwapo: Sharti la Umilisi wa Uandishi Vyuoni Likitazamwa Kutokea Katavi

Ikisiri

Mjadala wa uandishi katika vyuo vikuu vya Tanzania umeelemea kwenye swali la lugha: Kiswahili au Kiingereza. Makala haya yanadai kwamba swali hilo, ingawa ni halali, limeficha jingine lililo zito zaidi, yaani andiko la kuhitimu huandikiwa nani. Kwa kutumia mazingira ya mkoa wa Katavi na mfano wa lugha ya wafugaji nyuki, makala yanaihakiki ripoti ya utafiti ya mwaka wa mwisho kama utanzu, na kuonesha kwamba umilisi unaopimwa nao si ule ambao mhitimu atauhitaji, wala si ule ambao ripoti yenyewe hudai kuwa nao.

1. Utangulizi

Mwaka 1976 mfumo wa Vyuo Vikuu vya Jimbo la California nchini Marekani uliamua kwamba mwanafunzi hatatunukiwa shahada kabla ya kuthibitisha kuwa anaweza kuandika. Baadhi ya kampasi ziliweka mtihani wa insha, nyingine zikaweka kozi ya uandishi ya ngazi ya juu, na ubishi kuhusu njia ipi inapima vizuri zaidi uliendelea kwa miongo kadhaa. Sina nia ya kuusifu mfumo huo. Lililo la maana kwetu ni jambo moja tu: sharti liliandikwa, likapewa jina, na kwa sababu hiyo likaweza kupingwa.

Kwetu sharti hilo lipo bila jina. Mwanafunzi akiingia mwaka wa kwanza hukutana na kozi ya stadi za mawasiliano, kozi ambayo mizizi yake ni wasiwasi uliojitokeza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba Kiingereza cha wanafunzi kilikuwa kikishuka. Hufundishwa kuandika muhtasari, kunukuu, kupanga aya. Baada ya hapo uandishi haufundishwi tena kama uandishi, hadi mwaka wa mwisho, anapodaiwa ripoti ya utafiti wake mwenyewe. Asipoikamilisha, hahitimu. Hiyo ndiyo maana ya sharti, liwe na jina au lisiwe nalo. Tofauti ni kwamba sharti lisilo na jina halina vigezo vinavyojulikana, na vigezo visipojulikana, kila msimamizi hubeba vyake mfukoni.

Hoja yangu ni kwamba tatizo kubwa la andiko hilo haliko katika sarufi yake, ambako ndiko kalamu nyekundu hukimbilia, wala haliko katika lugha yake peke yake, ambako ndiko sisi wanaisimu wa Kiswahili hukimbilia. Liko katika msomaji wake. Ripoti ya kuhitimu humtaja msomaji ambaye haizungumzi naye.

2. Kwa nini Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, makao yake makuu yakiwa Mpanda. Ukiutazama kutoka Dar es Salaam ni pembezoni. Ukiutazama kiisimu ni njia panda. Kuna Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Wafipa; kuna Wasukuma waliohamia na mifugo na jembe; na katika Katumba na Mishamo kuna jamii zilizotokana na wakimbizi wa Burundi waliofika kuanzia mwaka 1972, ambao wengi wao leo ni raia wa Tanzania. Kwa hiyo anayesema kwamba tukiandika kwa Kiswahili tutakuwa tumemrudishia mwanafunzi wa Katavi lugha ya mama anajidanganya. Kwa wengi huko Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Ni lugha ya shule ya msingi, soko, kanisa, msikiti na ofisi. Nguvu yake ni kwamba wote wanakutana ndani yake.

Mkoa huu pia una chuo kikuu. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Mpimbwe, wilayani Mlele, nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu ambaye imepewa jina lake, mtu ambaye wakati wa uongozi wake (2008–2015) alijulikana kwa kuhimiza ufugaji nyuki kuliko kiongozi mwingine yeyote wa ngazi hiyo. Misitu ya miombo inayoizunguka ni nchi ya asali. Naitaja kampasi hii si kwa sababu ina kasoro ambayo wengine hawana. Utaratibu wa ripoti ya mwisho ni wa vyuo vyetu vyote. Naitaja kwa sababu inalisogeza swali karibu: hapa mwanafunzi, mtafitiwa na ofisi atakayoajiriwa mhitimu vinaweza kuwa ndani ya wilaya moja. Dar es Salaam umbali hutuficha. Mpimbwe hauwezi kutuficha.

Tufuate safari ya maneno. Mwanafunzi huenda kijijini na dodoso lililobuniwa kwa Kiingereza na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Mfugaji nyuki hujibu kwa Kiswahili, au kwa Kikonongo kupitia mtu wa tatu. Majibu hurudishwa kwenye Kiingereza, hupangwa katika majedwali, huandikiwa sura tano, hujaladiwa, huwekwa rafuni. Mwaka mmoja baadaye, akibahatika kupata ajira, yule yule ni afisa ugani wa kata. Sasa anaandika taarifa ya robo mwaka kwa Halmashauri, muhtasari wa kikao, barua kwa mtendaji wa kijiji, dokezo sabili kwa mkuu wake wa idara. Vyote hivyo ni kwa Kiswahili, lugha iliyotangazwa kuwa ya shughuli za serikali tangu mwaka 1967. Katika safari yote ya chuo hakuna mahali alipotahiniwa hata ukurasa mmoja wa maandishi ya aina hiyo.

3. Kurina na kuvuna

Wanaotetea utaratibu uliopo husema kwamba maarifa ni maarifa, lugha ni chombo tu. Tuipime kauli hiyo kwa mfano. Sentensi ifuatayo nimeiunda mwenyewe kwa mtindo wa maelezo ambayo mfugaji nyuki yeyote wa miombo angeweza kuyatoa:

Mwaka ule mitundu haikutoa maua vizuri, tukarina ndoo moja tu, masega mengine tukawaachia nyuki wale.

Katika ripoti, maelezo ya namna hii huishia kuwa kauli ambayo, ikirudishwa kwenye Kiswahili, ingesomeka hivi: Uzalishaji wa asali uliathiriwa na mabadiliko ya tabianchi. Hakuna mtahini atakayeikataa. Sarufi ni safi, istilahi ni za kitaalamu, rejea zinapatikana kwa wingi. Lakini tuangalie kilichopotea.

Kwanza, mti. Mfugaji amesema mtundu, si uoto. Kwake kila mti una msimu wake na asali yake, na kusema ni mti upi ulioshindwa ni nusu ya uchunguzi wa kisayansi. Pili, kitenzi. Kiswahili kina neno mahususi la kutoa asali mzingani, nalo ni kurina. Mahindi huvunwa, asali hurinwa. Kiingereza cha ripoti huyaunganisha haya mawili katika kitenzi kimoja cha mavuno, kisha kitenzi hicho hugeuzwa nomino ya uzalishaji, na aliyepanda mtini na moshi wake usiku hatoweki tu katika sentensi. Hata tendo lake halipo tena. Tatu, kiambishi -ka-. Tuka-rina, tuka-waachia: mofimu hii haioneshi mfuatano wa wakati peke yake. Katika masimulizi hubeba uamuzi unaotokana na tukio lililotangulia. Maua yalikuwa haba, kwa hiyo tukafanya hivi, na baada ya hivi tukafanya vile. Ripoti imebakiza athari na kufuta uamuzi. Mfugaji aliyeacha masega kwa makusudi, jambo ambalo mwalimu yeyote wa ufugaji nyuki angelipa alama, amegeuzwa kuwa mtu aliyeathiriwa.

Na kuna neno la mwisho, wale. Je, ni kionyeshi, nyuki wale, yaani wa kundi lile? Au ni kitenzi katika dhamira tegemezi, ili nyuki wale, yaani wapate chakula? Katika mazungumzo kiimbo na pumziko vingetupa jibu. Katika maandishi sentensi ina maana mbili, na maana hizo zinatofautiana kwa jambo kubwa: moja inataja kundi, nyingine inataja sababu. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza hulikwepa tatizo hili bila kujua kwamba lilikuwapo. Anayeandika kwa Kiswahili analazimika kuamua, na kuamua kunamrudisha kwa mfugaji kumuuliza ulimaanisha nini.

Nimelikawilia neno hili moja kwa sababu ndilo linaloonesha kwamba uandishi wa Kiswahili cha kitaaluma si jambo linalokuja lenyewe kwa sababu mtu anakisema. Kugeuza kauli ya mdomo kuwa andiko lisilo na utata ni stadi. Hufundishwa. Sisi hatuifundishi.

4. Dhambi ya nyumbani

Hapa msomaji wa jarida hili anaweza kuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kukubali: naam, Kiingereza ndicho kikwazo. Asikubali upesi. Idara za Kiswahili zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili tangu ile ya Dar es Salaam ilipoanzishwa mwaka 1970, na tasnifu za Kiswahili hadi ngazi ya uzamivu si jambo geni tena. Kama lugha ingekuwa ndiyo ugonjwa wote, tasnifu zetu zingekuwa tiba. Hazijawa.

Fungua tasnifu ya shahada ya awali au ya umahiri iliyoandikwa kwa Kiswahili, utaikuta sajili yenye sentensi zilizokwisha kukaushwa: utafiti huu ulilenga kuchunguza, data zilikusanywa uwandani, ilibainika kwamba, hivyo basi. Nafsi ya kwanza ni mwiko. Kauli ya kutendwa imetawala hata pale mtenda anapojulikana na ni mwandishi mwenyewe. Kiswahili, lugha ambayo kitenzi chake hubeba mtenda, wakati, mtendwa na uhusiano wao katika neno moja, kinavalishwa koti la sentensi ya Kiingereza cha maabara, kisha tunalisifu koti kwa kuwa na vifungo vya Kiswahili.

Kilele chake ni sehemu iitwayo Umuhimu wa Utafiti. Nadhani hii ndiyo sehemu inayosomwa kwa uzembe kuliko zote, nami nimeisoma hivyo kwa miaka mingi. Humo mwanafunzi huahidi kwamba utafiti wake utawafaa watunga sera, walimu, wakulima na jamii kwa jumla. Mimi kama mtahini nimewahi kumkata mwanafunzi alama kwa kusahau kundi mojawapo katika orodha hiyo. Sikumbuki hata mara moja nikimuuliza: huyo mkulima ataisoma wapi, na katika sentensi zipi? Ahadi hiyo ni sehemu ya kanuni za utanzu, kama mianzo ya ngano. Hakuna anayetarajia itimizwe. Tofauti ni kwamba anayetamba ngano na anayemsikiliza wote wawili wanajua kanuni. Mkulima aliyetajwa hajui hata kwamba ametajwa.

Wino wangu mwekundu, nakiri, ulikwenda kwenye upatanisho wa kisarufi, nafasi za rejea na pambizo za ukurasa. Hivyo ndivyo navyo vilivyosahihishwa katika maandishi yangu mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi, na nadhani tunarithishana zaidi desturi ya kusahihisha kuliko desturi ya kusoma.

5. Hoja ya istilahi, kwa ufupi

Hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha imejibiwa mara nyingi mno kustahili kurasa zaidi. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na kuendelea juu. Serikali haikulitekeleza hilo. Uchunguzi wa Criper na Dodd (1984) ulionesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kusomea, lakini pendekezo lao likawa ni kukiimarisha Kiingereza. TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote. Toleo lake la mwaka 2023 limeendelea na Kiingereza sekondari. Kuhusu nyuki hasa, hoja hii inachekesha. Mzinga, masega, nta, chavua, malkia, dume, mzinga wa gome na wa gogo: ni nyanja chache za sayansi ambazo Kiswahili kilizifikia kabla ya chuo kikuu.

Ipo hoja nyingine ambayo siwezi kuipita kwa wepesi huo. Katavi inajulikana katika taaluma za dunia kwa sababu iliandikwa kwa Kiingereza. Kitabu cha Liisa Malkki, Purity and Exile (1995), ambacho sehemu kubwa ya utafiti wake ulifanyika Mishamo, husomwa popote masuala ya wakimbizi yanapofundishwa. Wapimbwe wanafahamika kwa wanaanthropolojia kutokana na kazi za miaka mingi za Monique Borgerhoff Mulder. Mwanafunzi wa Mpimbwe akinyimwa Kiingereza amenyimwa nafasi ya kusoma yaliyoandikwa kuhusu kijiji chake, achilia mbali kuyajibu. Kwa hiyo sitetei kuiondoa ripoti ya Kiingereza. Ninachokataa ni kuifanya kuwa ushahidi pekee wa umilisi wa uandishi.

6. Andiko la pili

Ninachopendekeza ni kidogo, na najua kitapingwa kwa sababu ni kidogo. Kila ripoti ya kuhitimu iambatane na andiko la pili la Kiswahili, kurasa nne au tano, linaloelekezwa kwa msomaji anayetajwa kwa cheo chake: mtendaji wa kata, kamati ya mazingira ya kijiji, chama cha wafugaji nyuki, mwalimu mkuu. Lisiwe ikisiri ya ripoti iliyotafsiriwa. Liwe andiko linalojitegemea, linalosema nimeuliza nini, mmenijibu nini, nadhani maana yake ni hii, na hapa sina hakika. Lisomwe mbele ya waliotoa data kabla ya kutahiniwa, na marekebisho waliyoyatoa yaoneshwe. Kisha lipewe alama zinazoweza kumfelisha mtu. Bila hizo litakuwa jalada jingine tu.

Wenzangu niliowaeleza wazo hili wameniletea vizuizi vya aina mbili. Cha kwanza ni muda, na hicho nakikubali: msimamizi mwenye wanafunzi wengi hana siku za kwenda Inyonga au Karema kusikiliza. Sina budi kusema pia kwamba msimamizi huyo huyo hana muda wa kuisoma ripoti ndefu ya Kiingereza, na ndiyo maana husahihisha pambizo. Kurasa tano zinasomeka.

Cha pili ni akili unde. Wanauliza kuna faida gani ya kuongeza andiko wakati mashine inaweza kuliandika. Naona hoja hii inageuka dhidi ya wanaoitoa. Utanzu ambao sentensi zake zinajulikana kabla hazijaandikwa ndio ambao mashine huuweza kwanza, na ripoti ya sura tano kwa Kiingereza ndio utanzu huo. Kama kinachopimwa ni uwezo wa kuzalisha sajili hiyo bila makosa, kipimo kimekwisha kufa, tunasubiri tu kumzika. Mashine inaweza pia kuandika kurasa tano za Kiswahili. Isichoweza ni kurudi kwa mfugaji kumuuliza kama nyuki ni wale au nyuki wapate kula, wala kusimama mbele ya kikao huku mzee mmoja akisema hapana, hukunielewa, sikusema hivyo.

Kizuizi ambacho sijakipatia jibu nimekiona mwenyewe, na wachangiaji wa jarida hili wangenisaidia. Ni mtahini wa nje. Kanuni za vyuo humtaka awe msomi wa chuo kingine, na kwa andiko la pili cheo hicho hakitoshi: anayeweza kusema kama taarifa kwa kamati ya kijiji imeandikwa vizuri ni kamati ya kijiji. Je, tunaweza kumpa alama za chuo kikuu mtu asiye na shahada azitoe? Nikiuliza hivi katika vikao, jibu hutoka haraka kuliko ilivyo kawaida ya vikao vyetu. Lakini wafugaji nyuki hao hao tumewaita mashahidi wa kuaminika tulipohitaji data yao. Tuliandika katika Sura ya Tatu kwamba waliteuliwa kimakusudi kwa kuwa ni wajuzi wa jambo husika. Ninachoshindwa kukiona ni katika sura ipi ujuzi huo ulikoma.